Siku Moja Juu ya Jabali la Manga

Mwanadamu anapozidiwa na haja, tangu kale huinua macho yake kuuelekea mlima. Kusini-magharibi mwa Ufaransa kuna kijiji kiitwacho Rocamadour, kilichobandikwa ubavuni mwa jabali refu juu ya bonde la mto Alzou, nyumba zake zikiwa zimepangana ngazi kwa ngazi kama viota vya mbayuwayu. Wakristo wamekuwa wakikizuru kijiji hicho kwa zaidi ya miaka 800. Husimuliwa kwamba mnamo mwaka 1166 palifukuliwa pale mwili wa mtu waliyemhesabu kuwa mtakatifu, na habari hiyo ikaenea Ulaya nzima. Kuyafikia makanisa yao ya jabalini kuna vidato 216, na mahujaji wa zamani walivipanda kwa magoti, wakiomba afya, watoto na msamaha. Leo wengi wanaofika pale ni watalii wa siku moja, wanaopanda asubuhi na kushuka jioni wakiwa na picha zao.

Nchini Kenya pia tunalo jabali la namna yake, nalo halihitaji viza. Ni jabali la Manga, lililosimama kama ukuta mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Halina makanisa ya mawe wala vidato vya kuhesabu. Lina nyasi, upepo, ukingo wa kutisha, na pango ambalo wenyeji hulitaja kwa sauti ya chini. Familia tatu kutoka Mombasa tulilizuru katika likizo ya shule. Tunaandika haya kwa ajili ya wazazi wanaofikiria safari kama hiyo, na kwa ajili ya jambo zito ambalo safari hiyo ilituwekea mbele ya macho.

Nia kabla ya nauli

Kabla ya kukata tiketi, mmoja wa mama zetu wakubwa aliuliza swali lililostahili kuulizwa: "Wanangu, mahali watu wanapokwenda kuomba jiwe, sisi tunakwenda kutafuta nini?"

Jibu lake limo katika mafunzo tunayoyajua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba safari ya kukusudia ibada mahali maalumu hufungwa kwa misikiti mitatu tu: Msikiti Mtukufu wa Makka, msikiti wake wa Madina, na Msikiti wa Al-Aqsa. Basi hakuna jabali wala pango duniani ambalo Mwislamu hulifungia safari akitaraji kwamba dua yake itasikika zaidi hapo kuliko kwenye mswala wake nyumbani.

Lakini safari ya kutazama na kuzingatia ni mlango mwingine. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame namna alivyoanzisha uumbaji. Katika Suratul Hajj, aya ya 46, tunaulizwa kama watu hawakutembea wakapata nyoyo za kufahamia na masikio ya kusikilizia. Milima, watu wa lugha nyingine na habari za waliotangulia ni vitabu vilivyofunuliwa kwa anayetaka kuvisoma.

Na tukumbuke kwamba dini yetu wenyewe haikukaa mbali na mawe. Wahyi wa kwanza ulishuka katika pango la Hira. Mtume na sahibu yake Abubakar walijificha katika pango la Thaur, na bibi Asmaa binti Abubakar akawa anawapelekea chakula. Bibi Hajar alikimbia baina ya vilima viwili, Safa na Marwa, akimtafutia mwanawe maji, na mpaka leo mamilioni ya wanaume hufuata nyayo za mwanamke huyo. Hata hivyo, Sayyidna Umar alipolibusu Jiwe Jeusi alitamka wazi kwamba analijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kumfuata Mtume tu. Huo ndio mpaka wetu. Mama yetu mkubwa aliridhika, akafunga sanduku lake.

Njia na wenyeji

Kutoka Mombasa hadi Kisii ni safari ya nchi nzima. Reli ya kisasa, iliyoanza kazi mwaka 2017, hukufikisha Nairobi kwa saa chache. Kutoka hapo ni basi au gari dogo kupitia Narok, Bomet, Sotik na Keroka. Wenye watoto wadogo ni bora walale Nairobi au njiani, wasiunganishe safari zote mbili kwa pigo moja. Mwendo wenyewe unazidi sana masafa ya msafiri, kwa hiyo ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala ipo kwa masharti yake.

Kadiri gari linavyopanda, nchi hubadilika. Ukiukaribia mji wa Kisii hakuna tena nyika wala mikonge. Kuna migomba, michai, mahindi, miparachichi na miwa, shamba likigusana na shamba bila ya kipande cha ardhi kilichoachwa bure. Mji umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hunyesha karibu mwaka mzima. Sisi tuliozoea joto la pwani tulitafuta masweta kabla ya magharibi.

Wenyeji hujiita Abagusii na lugha yao ni Ekegusii. Watoto wetu walifurahi kugundua kwamba lugha hiyo ni ndugu ya Kiswahili. Mtu ni *omonto*, watu ni *abanto*, nyumba ni *enyomba*, maji ni *amache*. Asubuhi huamkiana *bwakire buya*. Neno moja tuliombwa tulishike vizuri: mwanamke mzee huitwa *omongina*, nalo ni jina la heshima.

Wengi wa Abagusii ni Wakristo. Wamisheni wa Kikatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakaanzisha kituo chao Nyanchwa baada yao. Waadventista ni wengi mno katika kaunti hizi mbili, na jambo hilo lina faida ambayo msafiri Mwislamu huenda hakuitarajia: dini yao huwakataza nyama ya nguruwe na ulevi. Kwa nyama ya ng'ombe na kuku uliza nani amechinja, wala hakuna atakayekasirika. Jumamosi ni siku yao ya ibada na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo siku hiyo usiipangie ununuzi.

Waislamu nao wapo, ingawa ni wachache. Miongoni mwa waliotangulia kukaa mjini ni Wanubi, kizazi cha askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza. Tuliswali adhuhuri na alasiri katika msikiti wa mjini, na baada ya swala akina mama wa pale hawakukubali tuondoke bila ya chai. Mtu hujua thamani ya salamu ya Kiislamu anapoisikia mbali na kwao.

Juu ya jabali

Kutoka mji wa Kisii hadi Manga ni mwendo mfupi wa gari, na sehemu ya mwisho hutembewa kwa miguu. Unapita katikati ya mashamba na nyumba za watu, watoto wakikuamkia, na mwinuko wenyewe ni wa taratibu. Kisha ardhi inakatika ghafla. Mbele ya vidole vya miguu yako hakuna kitu ila hewa. Chini kabisa yanaonekana mashamba yaliyogawanywa vipande vidogo kama viraka vya shuka, na paa za mabati zinazomeremeta. Mbingu zikiwa safi, macho hufika hadi upande wa Ziwa Victoria, ambako maji huonekana kama utepe wa fedha.

Kila mmoja wetu alitamka tasbihi bila ya kuhimizwa. Mtoto wa miaka tisa aliuliza ni nani aliyeukata mlima kwa kisu. Tukamwambia kwamba Aliyeusimamisha ndiye Aliyeukata, na kwamba wataalamu wa miamba huyahesabu mawe ya nchi hii kuwa ya kale sana katika ardhi ya Kenya. Upande wa kusini-magharibi, huko Tabaka, mwamba wa zamani hizohizo umelainika ukawa lile jiwe la Kisii ambalo mafundi hulichonga vyetezo, vibakuli na vinyago vinavyouzwa hata madukani kwetu Mombasa.

Tunawaonya wazazi waziwazi: usitaraji uzio kwenye ukingo wa jabali. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote, na baibui refu lipandishwe kidogo lisikanyagwe. Picha zipigwe watu wakiwa wamelipa jabali nafasi, wala asipatikane mtu wa kurudi nyuma huku akitazama simu. Mvua za mchana za nchi hii huja na radi kali, nayo radi hupenda mahali pa juu. Mawingu yakianza kukusanyika, shukeni. Sisi tulipanda asubuhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa chini.

Pango la Mwaga

Ubavuni mwa jabali kuna pango liitwalo Ngoro ya Mwaga. Katika Ekegusii, *engoro* ni tundu au shimo. Wenyeji wamelihusisha pango hilo na imani zao za jadi tangu enzi za mababu. Kabla ya kuingia kwa Ukristo, Abagusii walimwamini Mungu mmoja aliye juu, lakini shughuli nyingi za maisha yao walizielekeza kwa *ebirecha*, yaani mizimu ya wazee waliokufa, ambao wakisahauliwa hudhaniwa kuleta maradhi na mikosi. Simulizi za pango hutofautiana kutoka kinywa hadi kinywa, na kila mzee hulisimulia kwa namna yake.

Sisi hatukuingia. Tulisimama kwa mbali, tukamsikiliza kijana aliyetuongoza. Hatukucheka, wala hatukuacha kitu, wala hatukuchukua jiwe. Adabu ya mgeni ni hiyo, na tauhidi haivunjiki kwa mtu kunyamaza mbele ya kitu ambacho haamini.

Watoto ndio walioanza kunong'onezana na kuwacheka "watu wanaoomba shimo". Hapo mama yetu mkubwa aliwaita kando.

"Kaeni niwaambie," alisema. "Nilipokuwa msichana, mtu akichelewa kuzaa, au dau likichelewa kurudi baharini, kulikuwa na wanawake wa mtaani kwetu waliochukua ubani, marashi na chetezo wakaenda pangoni kuweka nadhiri. Walikuwa wanaswali swala tano. Walikuwa majirani zetu. Msimcheke mtu wa Manga kabla hamjaulizia habari za bibi zenu."

Kimya kilitanda. Nani katika pwani yetu asiyejua pango au mbuyu uliofungwa vitambaa? Tunazo kaya za Wamijikenda, misitu mitukufu kwa wenyewe, iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Tunao pia Waislamu wanaotoka msikitini mchana na usiku wakabisha hodi kwa mpiga ramli. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi kwa siku 40. Onyo hilo liliteremshwa kwa ajili yetu kwanza, kabla ya kuwafikia wengine.

Mwanamke mzee aliyesikilizwa

Nchi hii ina historia ambayo mama na binti wanafaa kuijua. Mwishoni mwa karne ya 19 aliishi Kitutu mzee aitwaye Sakagwa, ambaye husimuliwa kwamba alitangaza kuja kwa wageni weupe na kujengwa kwa mji pale Getembe, ambapo leo ni Kisii mjini. Waingereza walifika na jeshi lao mwaka 1905, wakawashambulia Abagusii na kuteka ng'ombe wengi. Baada ya hapo wakaweka makao ya serikali.

Kulikuwa na mwanamke wa Kitutu aliyeitwa Moraa. Hakuwa na cheo wala bunduki. Alikuwa mtu mzima, anayejulikana kwa dawa na maneno yake, naye alikataa kunyamaza. Aliwaambia vijana kwamba kuchukuliwa kwa ng'ombe na ardhi kungewafanya watumwa katika nchi yao. Mwezi Januari 1908, kijana wa nyumbani kwake, Otenyo, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Geoffrey Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni wanavijiji. Jeshi lilirudi likachoma nyumba, likateka mifugo kwa maelfu na kuua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo katika wizara ya makoloni huko London, akaandika kulalamikia mauaji hayo. Otenyo aliuawa, na mpaka leo watu wa ukoo wake husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Hatumtaji Moraa kwa kusifu uganga, kwani ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Wala hatusemi kwamba mkuki ulikuwa dawa. Tunalolisema ni hili: katika milima hii palikuwa na mwanamke mzee, na kijiji kilimsikiliza. Jina lake limebaki kwa zaidi ya miaka 100.

Wanawake wazee wanaoogopa

Baada ya kushuka jabalini tulipumzika kwenye kibanda cha chai cha mama mmoja mwenyeji. Alitupa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, na kwenye sahani nyingine mboga ya *chinsaga*, ambayo sisi huiita mgagani. Pembeni alikaa mama yake, *omongina* wa miaka mingi, amejifunika shuka.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mmetoka mbali kutazama mawe?"

Tukacheka wote. Mazungumzo yakaendelea: bei ya chai, karo za shule, magoti yanayouma. Kisha mama yetu mkubwa akamuuliza, kama wazee wanavyoulizana, kama usingizi humjia vizuri.

"Usingizi wa uzee ni mchache," alijibu. "Lakini sitoki nje usiku. Mzee akionekana nje usiku peke yake, watu huanza kuuliza alikuwa akifanya nini."

Bintiye aliinamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maneno yale. Mwezi Mei 2008, katika wilaya ya Kisii ya wakati huo, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa kwa moto kwa kushukiwa uchawi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, si mbali na tulipokuwa tumekaa, wanawake wanne wakongwe waliuawa kwa tuhuma hiyohiyo. Hakuna aliyeletewa ushahidi, wala hakuna aliyepewa nafasi ya kujitetea. Palitosha mtu kuugua au kupatwa na msiba, na jirani kunyoosha kidole.

Yapo ya kupimwa hapa. Katika kaunti hizi watu ni wengi na ardhi ni finyu. Wanaoyachunguza mauaji haya wameonyesha mara kwa mara kwamba nyuma ya neno "mchawi" hukaa ugomvi wa shamba, urithi, au mjane ambaye watoto wa mumewe wanataka aondoke. Uchawi huwa ni kisingizio, na ardhi ndiyo haja.

Tena tusidhani kwamba moto huo uko mbali nasi. Katika kaunti ya Kilifi, mlangoni pa nyumba yetu wenyewe, wazee wenye mvi wamekatwa mapanga na kufukuzwa majumbani mwao kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi kwa sababu ya urithi uleule. Ndiyo maana huko Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliotishiwa maisha hupewa hifadhi. Bibi au babu aliyelea watoto na wajukuu huishia kukimbilia kwa wageni, kwa kuwa kwao hakuna tena usalama.

Haya yanaungana vipi na safari ya jabali? Mtu anayekwenda pangoni, au kwa mganga, mara nyingi hana swali moja tu. La kwanza ni la mwenye shida: "Nitaponaje?" Hilo ni swali la kibinadamu, na mwenye kuliuliza huhurumiwa. La pili ni hatari: "Ni nani aliyenifanyia hivi?" Mpango wa Mwenyezi Mungu hauna nafasi ya swali hilo, lakini mpiga ramli daima huwa na jibu, na jibu lake huwa na sura. Huwa ni shangazi asiyeolewa, mke mwenza, au bibi wa jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60. Shirki huanza kwa kumkosea Mungu, kisha haikawii kumkosea mja.

Ndiyo maana Suratul Hujurat, aya ya 12, inatutaka tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Na ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alimtoa katika mwenendo wetu yule asiyemhurumia mdogo wetu wala kumheshimu mkubwa wetu. Dhana na uzee vikikutana katika nyumba isiyo na elimu, kinachofuata ni kile kilichotokea Marani na kinachotokea Ganze.

Tulipoaga, mama yetu mkubwa alimvua mwenzake shuka iliyochakaa akamfunika leso yake mwenyewe, ile ya pwani yenye jina. *Omongina* aliipapasa maandishi asiyoweza kuyasoma, akauliza yanasemaje. Akasomewa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kwa familia itakayosafiri

Wenye nia ya kwenda tunawashauri machache. Chagueni miezi yenye mvua haba, kama Januari au Julai, ingawa katika nchi hii koti la mvua halikosi kazi mwezi wowote. Vaeni viatu vya kamba visivyoteleza, wala si kandambili. Asubuhi na mapema ndio wakati mzuri wa kupanda.

Mchukueni kijana mwenyeji awaongoze, na mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Ardhi mnayopita ina wenyewe, basi ombeni ruhusa, msikanyage michai wala kuchuma matunda. Msimpige mtu picha bila ya idhini yake, hasa wazee. Kwa yale tuliyoyasikia, picha ya bibi kizee iliyosambazwa kwenye simu pamoja na maneno ya mzaha inaweza kuwa hatari kwa roho yake.

Chukueni mswala na chupa ya maji ya udhu. Nunueni kitu kwa wenyeji: ndizi, parachichi, chai ya Nyamira, au kazi ya mikono ya jiwe la Tabaka. Mkinunua kinyago kwa ajili ya nyumba ya Kiislamu, chagueni kibakuli, chetezo au sahani, muache sura za viumbe. Mapato hayo madogo huenda moja kwa moja katika mikono ya akina mama.

Mkirudi nyumbani, wapeni watoto kazi mbili. Ya kwanza, waandike majina kumi ya vitu kwa Ekegusii na Kiswahili, waone udugu wake. Ya pili, wamtembelee mzee mmoja katika ukoo au mtaa wenu ambaye watu humpita bila ya kumsalimia, wamkalishe na kumuuliza habari za ujana wake. Wala mzazi asiwatume peke yao. Nasi wakubwa tuna hadithi zetu za vibarazani, zile za "bibi fulani ana jicho", tunazozisimulia kwa kucheka mbele ya wadogo. Tuziache. Mtoto huisikia hadithi, na miaka 20 baadaye, siku anapopatwa na msiba, huikumbuka.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari zenye ibra, atupe nyoyo za kumtegemea Yeye peke yake, awahifadhi wazee wetu wa milimani na wa pwani, na atupe sisi wenyewe uzee wenye amani mbele ya watoto wetu. Amin.